Taka hatarishi za gereji jimboni Minnesota: mwongozo kwa anayeanza

Mafundi kutoka Afrika Mashariki wanaofungua gereji au karakana za kupiga rangi magari hapa Minnesota huuliza maswali yale yale: oili chafu inapelekwa wapi, thina iliyotumika ikiachwa wazi mpaka ikauke kuna kosa gani, gereji ya watu wawili nayo inahitaji leseni, na ile karatasi anayokuja nayo dereva wa kampuni ya taka inasainiwa na nani. Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mkondo wa kazi yenyewe, tangu taka inapotoka mkononi mwa fundi hadi hati yake ya mwisho inapoingia kwenye faili. Umeandikwa kwa ajili ya gereji ndogo, lakini fundi samani anayetumia vanishi na mwenye kampuni ya kupaka rangi nyumba watapata humu mengi yanayowahusu, kwa kuwa sheria haitazami jina la biashara bali hutazama kilichomo ndani ya pipa.

Anayekusimamia ni nani

Sheria mama ni ya shirikisho. Ilipitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1976, inajulikana kwa kifupi kama RCRA, na msimamizi wake wa kitaifa ni EPA, wakala wa shirikisho wa kulinda mazingira. Hata hivyo EPA imeyakabidhi majimbo karibu yote usimamizi wa kila siku, isipokuwa Alaska na Iowa, kwa sharti kwamba jimbo linaruhusiwa kukaza masharti kuliko shirikisho lakini haliruhusiwi kuyalegeza. Hapa Minnesota msimamizi ni wakala wa jimbo wa kudhibiti uchafuzi, MPCA, na kanuni zake zimo katika sura ya 7045 ya kanuni za jimbo. Ukiwa ndani ya kaunti saba za eneo la Minneapolis na Saint Paul, yaani Anoka, Carver, Dakota, Hennepin, Ramsey, Scott na Washington, anayekupa leseni na kukukagua ni kaunti. Gereji iliyoko Brooklyn Park inashughulikia leseni yake kwa kaunti ya Hennepin, na gereji iliyoko Rochester inaishughulikia kwa MPCA.

Hapo ndipo wanaoanza wanapopotea kwa wingi. Mtu anasoma maelezo ya shirikisho, anakuta kwamba anayezalisha taka hatarishi zisizozidi ratili 220 kwa mwezi, yaani kilo 100, amesamehewa sehemu kubwa ya masharti, naye anarudi kazini akiamini kwamba hahusiki. Minnesota haikutoa msamaha huo. Mzalishaji mdogo kabisa jimboni humu anatakiwa kuwa na namba ya utambulisho, kubandika lebo, kufunga vyombo, kukagua kila wiki na kupeleka taka zake mahali panapokubalika kisheria. Ukibaki na jambo moja tu kutoka katika mwongozo huu, liwe hilo, kwa sababu makosa mengine mengi yanazaliwa na dhana ya kwamba udogo ni kinga.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi ya usalama (kwa Kiingereza "Safety Data Sheet") ya kila kemikali unayonunua. Muuzaji analazimika kukupa, na sehemu utakazozitumia zaidi ni ya 2, ya 9 na ya 14.
- Mizani, au angalau uzito wa galoni moja ya kila bidhaa.
- Mapipa na vyombo visivyovuja, vyenye vifuniko vyake halisi, pamoja na faneli inayofungwa kwa skrubu na yenye kifuniko chake.
- Lebo na kalamu ya wino usiofutika.
- Daftari la ukaguzi wa kila wiki, na faili moja isiyochanganywa na karatasi za kodi ya mapato.
- Vifaa vya kunyonya mwagiko, kizima moto, glovu zinazohimili kemikali na miwani ya kukinga macho.

Hatua ya 1: Orodhesha kila kinachotoka

Zunguka gereji nzima ukiwa na karatasi na uandike kila kitu kinachobaki baada ya kazi: oili ya injini, filta za oili, maji ya rejeta, mafuta ya breki, petroli mbovu iliyotolewa kwenye tangi, betri, thina ya kusafishia bunduki ya kupigia rangi, mabaki ya rangi na hadina (kigumisho cha rangi), vichujio vya chumba cha kupigia rangi, matambara, makopo ya kupulizia, mirija ya taa iliyoungua, na tope linalojikusanya katika mtego wa sakafuni. Usiache kitu kwa sababu ni kidogo. Angalia pia rafu ya juu kabisa na nyuma ya kompresa, kwa kuwa huko ndiko makopo ya fundi aliyeondoka yanakobaki.

Hatua ya 2: Amua kama taka hiyo ni hatarishi

Hii ni kazi ya mwenye taka, wala si ya kampuni inayokuja kuzichukua. Kampuni inaweza kukushauri, lakini jibu likiwa si sahihi mwenye kuulizwa ni wewe. Taka huwa hatarishi kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutajwa kwa jina katika orodha za serikali, na kwa gereji orodha inayogusa zaidi ni ile ya viyeyushi vilivyotumika, ambamo zimo asetoni, zaileni, tolueni na viyeyushi vyenye klorini. Kwa kuwa thina nyingi za rangi ya gari ni mchanganyiko wa viyeyushi hivyo, thina iliyosafishia bunduki ya rangi karibu kila mara inaingia moja kwa moja.

Njia ya pili ni tabia ya taka yenyewe. Inahesabika kuwa hatarishi ikiwa ni kimiminika kinachoshika moto chini ya nyuzi 140 za Farenhaiti, sawa na nyuzi 60 za Selsiasi. Ni hatarishi pia ikiwa ni ya majimaji na inababua, kwa maana ya pH, yaani kipimo cha asidi na besi, isiyozidi 2 au isiyopungua 12.5; ikiwa inalipuka au kutoa gesi yenye sumu inapokutana na kitu kingine; au ikiwa kipimo cha maabara kinaonyesha kwamba inachuja sumu zaidi ya kiwango, kwa mfano risasi kufikia miligramu 5 kwa lita au benzini kufikia nusu miligramu kwa lita. Minnesota imeongeza vipimo vyake juu ya hivyo, kikiwemo cha sumu inayoweza kuua kwa kumezwa, kuvutwa au kugusa ngozi. Kwa hiyo majibu uliyoyapata kwa ndugu yako aliyeko Texas hayatoshi hapa.

Chukua karatasi ya usalama ya dawa yako ya kusafishia breki na ufungue sehemu ya 9. Tafuta mstari wa joto la kushika moto. Ukikuta nyuzi zilizo chini ya 140 za Farenhaiti, mabaki yake ya majimaji ni taka hatarishi. Ukikuta kwamba haishiki moto kabisa, usifurahi mapema: rudi nyuma hadi sehemu ya 3 inayotaja viambato, kwa kuwa dawa isiyowaka mara nyingi ni ile yenye klorini, nayo imo katika orodha ya viyeyushi na madhara yake kwa oili chafu ni makubwa, kama utakavyoona katika hatua ya 7. Kumbuka pia kwamba karatasi ya usalama inaeleza bidhaa ikiwa mpya. Rangi, risasi au kromiamu iliyoingia wakati wa kazi haimo ndani yake.

Ukishindwa kuamua, una njia mbili halali: kupeleka sampuli maabara, au kuihesabu taka hiyo kuwa hatarishi na kuitunza hivyo. Kwa kiasi kidogo, njia ya pili kwa kawaida ni nafuu.

*Onyo:* Usiongeze maji wala kemikali nyingine ili taka "ipoe", na usiache thina wazi ili iyeyukie hewani. Yote mawili yamekatazwa, na la pili linawadhuru kwanza wafanyakazi wanaovuta mvuke huo kutwa nzima.

Hatua ya 3: Pima kwa mwezi ujue uko kundi gani

Makundi ni matatu. Mzalishaji mdogo sana hazidishi ratili 220 kwa mwezi. Mzalishaji mdogo anavuka hapo lakini hafikii ratili 2,200. Anayefika 2,200 ni mzalishaji mkubwa, na pia huhesabiwa hivyo anayezidisha ratili 2.2 tu za zile taka chache zenye sumu kali kabisa, ambazo gereji kwa kawaida haina.

Tuchukue karakana ya kupiga rangi inayotoa galoni 4 za thina chafu kila wiki. Galoni moja ya thina ina uzito wa ratili 7 hivi, kwa hiyo galoni 16 za wiki nne ni ratili 112. Tuongeze galoni 5 za mabaki ya rangi na hadina. Kwa makadirio ya ratili 10 kwa galoni, hizo ni ratili 50. Jumla ni 162, na karakana iko chini ya mpaka. Mwezi unaofuata mwenyewe anasafisha stoo, anakuta galoni 10 za thina ya zamani iliyochafuka na kuamua kuitupa. Zimeongezeka ratili 70, jumla imekuwa 232, na mwezi huo yeye ni mzalishaji mdogo, si mdogo sana tena, pamoja na masharti yote yanayofuatana na kundi hilo. Kama amepanga kusafisha stoo, apige simu kwanza kwa kaunti au MPCA aeleze mpango wake.

Oili chafu inayopelekwa kurejelezwa, betri na mirija ya taa haviingizwi katika hesabu hii mradi tu vimetunzwa kwa kanuni zake, ambazo ziko katika hatua ya 7.

Hatua ya 4: Omba namba ya utambulisho, kisha leseni

Namba ya utambulisho ina herufi na tarakimu 12, na za hapa zinaanza na MN. Inaombwa kwa MPCA. Imefungwa na anwani ya jengo, si na jina la mwenye biashara, hivyo ukihamisha gereji hata mtaa wa pili usiendelee kutumia namba ya zamani; omba ya mahali papya. Ukinunua gereji iliyokuwa ikifanya kazi, toa taarifa ya kubadilika kwa mwenye mali.

Baada ya namba, omba leseni kwa kaunti yako au kwa MPCA kadiri ya mahali ulipo. Utaulizwa aina za taka, kiasi chake, na zinakopelekwa. Andika ukweli uliopatikana katika hatua ya 1 hadi ya 3, kwa kuwa mkaguzi atakuja na fomu hiyo mkononi. Leseni inahuishwa kila mwaka. Ibandike mahali panapoonekana.

Hatua ya 5: Chombo, lebo na kifuniko

Chombo kiwe kizima, kisicho na kutu, na kisichoshambuliwa na kilichomo ndani yake: asidi haikai katika pipa la chuma, na kiyeyushi kikali hakikai katika dumu la plastiki lililokuwa la mafuta ya kupikia. Kila aina ya taka iwe na chombo chake.

Siku tone la kwanza linapoingia, lebo iwe imeshabandikwa. Iwe na maneno "Hazardous Waste" kwa Kiingereza, jina la wazi la taka, kwa mfano "thina chafu ya rangi", ambalo nalo uliandike kwa Kiingereza ili mzima moto na mkaguzi waelewe, na tarehe ya kuanza kukusanya. Nakushauri uongeze aina ya hatari, kama vile inawaka au inababua. Upande wenye lebo uelekee njia. Pipa lililogeuziwa lebo ukutani huhesabiwa kama halina.

Kifuniko kiwe kimefungwa wakati wote isipokuwa pale unapotia au kutoa. Hapa pana kosa linaloandikwa na wakaguzi pengine kuliko lolote lingine katika gereji: faneli ya kawaida iliyochomekwa kwenye tundu la pipa na kuachwa humo. Pipa hilo liko wazi, hata kama faneli imefunikwa kwa tambara au kwa kipande cha boksi. Faneli inayokubalika imefungwa kwa skrubu kwenye tundu, ina kifuniko chenye mpira, na kifuniko hicho kinashikizwa kwa komeo. Jikaze kidogo mfukoni uinunue. Bei yake ni ndogo kuliko usumbufu wa barua moja ya makosa.

Pipa linaloweza kuwekwa karibu na fundi anapofanyia kazi lisizidi jumla ya galoni 55 kwa kila mahali, na liwe chini ya uangalizi wa fundi mwenyewe. Likijaa, andika tarehe iliyojaa na ulihamishie stoo ndani ya siku 3.

Hatua ya 6: Stoo na ukaguzi wa kila wiki

Sakafu ya stoo iwe ngumu, isiyonyonya na isiyo na nyufa, na pasiwe na tundu la maji ambalo taka iliyomwagika inaweza kuliingia. Kama lipo, lizibwe au lizungushiwe ukingo. Vinavyoweza kukasirikiana, kama asidi na vitu vinavyowaka, vitengwe. Acha nafasi ya mtu kupita kati ya mapipa ili aone pande zote. Ukilazimika kuweka nje, pawe na ukingo, kivuli kwa vinavyowaka, na ulinzi dhidi ya watu wa kupita na magari yanayorudi nyuma.

Kila wiki, siku ile ile, mtu aliyeteuliwa atazame kila pipa: linavuja, limevimba, limefungwa, lebo inasomeka? Aandike tarehe, jina lake, alichokiona na alichokirekebisha. Daftari lenye alama za vema tu kwa mwaka mzima, zilizoandikwa kwa kalamu moja na mwandiko wa siku moja, halimshawishi yeyote.

Mzalishaji mdogo ana siku 180 za kukaa na taka zake, au 270 kama kituo kinachozipokea kiko zaidi ya maili 200. Mzalishaji mkubwa ana siku 90. Mdogo sana naye asirundike, kwa kuwa ratili 2,200 zikikusanyika stoo zinamwingiza katika masharti ya aliye juu yake.

Hatua ya 7: Oili chafu, betri na mirija ya taa

Hivi vina kanuni zake, nafuu kuliko za hapo juu, na nafuu hiyo inadumu mradi usivichanganye na kitu kingine.

Oili chafu iwekwe katika tangi au pipa lililoandikwa "Used Oil", si "Waste Oil" wala "Hazardous Waste", na ikabidhiwe kwa mrejelezaji. Unaweza kuipeleka mwenyewe kituoni kiasi kisichozidi galoni 55 kwa safari. Unaweza pia kuichoma katika hita ya gereji wakati wa baridi, mradi hita hiyo haizidi uwezo wa BTU (kipimo cha joto) 500,000 kwa saa, moshi wake unatoka nje ya jengo, na oili ni ya gereji yako au imeletwa na watu wanaobadilisha oili ya magari yao nyumbani.

Sasa lile jambo la klorini. Oili inayopimwa na kukutwa na halojeni, yaani kundi la kemikali ambamo klorini imo, zaidi ya sehemu 1,000 katika milioni inachukuliwa kisheria kuwa imechanganywa na taka hatarishi, na ni juu yako kuthibitisha vinginevyo. Kopo chache za dawa ya breki yenye klorini, zikipuliziwa juu ya beseni ambalo baadaye linamwagwa katika tangi la oili, zinatosha kulifikisha tangi zima huko. Mrejelezaji anaikataa, na galoni 250 zilizokuwa zikichukuliwa kwa gharama ndogo zinageuka taka hatarishi za kulipiwa kwa ratili. Suluhisho ni kuacha kabisa kununua dawa yenye klorini, na kuweka beseni la breki mbali na beseni la oili.

Betri za risasi zisimamishwe wima, ndani ya jengo. Iliyopasuka iwekwe ndani ya beseni la plastiki lenye kifuniko. Zirudishe kwa muuzaji unapochukua mpya. Mirija ya taa ina zebaki: iwekwe mizima ndani ya boksi lililofungwa, lenye lebo na tarehe, na isikae zaidi ya mwaka mmoja. Usiipasue ili kupunguza nafasi. Filta za oili zichujwe na zirejelezwe. Hazitupwi kwenye taka za kawaida jimboni humu. Matambara yenye mafuta au thina yawekwe katika debe la chuma lenye kifuniko, kwa kuwa yanaweza kujiwasha yenyewe usiku gereji ikiwa imefungwa.

Hatua ya 8: Kukabidhi taka na kusaini manifesti

Mzalishaji mdogo sana anaweza kupeleka taka zake mwenyewe katika kituo chenye mpango wa kupokea taka za biashara ndogo, kwa miadi na kwa malipo. Asiende nazo kwenye dirisha la taka za majumbani akijifanya ametoka nyumbani. Wengine watumie msafirishaji mwenye namba yake ya utambulisho. Omba namba hiyo, pamoja na ya kituo kinachopokea, kabla ya kukubaliana bei.

Manifesti ni hati ya shirikisho inayosafiri pamoja na taka. Ina namba yake ya pekee, na inasainiwa na wewe, na msafirishaji na kituo. Mara nyingi dereva huja nayo ikiwa imeshajazwa. Isome kabla ya kusaini: anwani na namba ni zako, idadi ya mapipa ni iliyopakiwa, uzito unakaribiana na daftari lako, na kituo ni kile ulichokubaliana nacho. Saini yako inathibitisha hayo yote mbele ya sheria. Anayesaini awe amepata mafunzo ya usafirishaji wa vitu hatari, ambayo hurudiwa kila baada ya miaka 3. Kijana wa mapokezi asiyejua kilichomo asisainishwe kwa sababu tu bosi yuko chini ya gari.

Jiandikishe katika mfumo wa kielektroniki wa manifesti wa EPA, ulioanza tarehe 30 Juni 2018, kwa kuwa nakala ya mwisho iliyosainiwa na kituo unaipata humo, usingoje bahasha. Tunza nakala kwa miaka 3 kwa uchache, ingawa mimi nakushauri usizitupe kamwe. Sheria ya mwaka 1980 inayogharamia usafishaji wa maeneo yaliyochafuliwa inaweza kumfikia aliyezalisha taka miaka mingi baada ya kituo kufungwa, na siku hiyo manifesti ndiyo itakayoonyesha kiasi chako halisi.

Hatua ya 9: Moto na mwagiko

Bandika karibu na simu jina la msimamizi wa dharura, namba ya zima moto, na mahali vilipo vizima moto na vifaa vya kunyonya. Mwagiko wa mafuta unaozidi galoni 5, na mwagiko wa kemikali nyingine yoyote kwa kiasi chochote unaoweza kuchafua mazingira, unaripotiwa mara moja kwa ofisa wa zamu wa jimbo, ambaye anapokea simu saa 24. Kilichonyonya mwagiko ni taka pia. Rudi nacho hatua ya 2.

Ukiwa nje ya Minnesota

Anza upya kwa msimamizi wa jimbo lako. California inaihesabu oili chafu kuwa taka hatarishi. Washington inatumia jina lake, "dangerous waste", na ina vipimo vyake. Texas inasimamiwa na TCEQ, wakala wa mazingira wa jimbo hilo. Iowa unashughulika na EPA moja kwa moja.

Kwa wanaopakia makontena ya kwenda Mombasa au Dar es Salaam: betri zilizokufa, kompyuta mbovu na mapipa ya oili chafu si vipuri. Kenya na Tanzania ni wanachama wa Mkataba wa Basel unaodhibiti usafirishaji wa taka hatarishi kati ya nchi na nchi, Marekani iliutia saini mwaka 1990 lakini haijauridhia, na tangu tarehe 1 Januari 2025 mkataba huo unagusa taka zote za kielektroniki. Mwanachama hatakiwi kupokea taka hizo kutoka nchi isiyo mwanachama bila makubaliano maalumu. Usizichomeke katikati ya injini na matairi.

Mambo yakienda mrama

*Umekuta pipa lisilo na lebo.* Usilinuse na usilimwage katika pipa jingine. Lifunge, liandike "Hazardous Waste" na maneno ya kueleza kwamba kilichomo hakijajulikana, weka tarehe ya leo, kisha uite maabara au kampuni ya taka ichukue sampuli.

*Pipa limevimba.* Usilifungue. Ondoa watu, zima kila chanzo cha cheche, na upige simu kwa zima moto.

*Siku 60 zimepita na manifesti haijakamilika.* Mpigie msafirishaji na kituo. Kama wewe ni mzalishaji mdogo, peleka taarifa ya maandishi kwa MPCA au kaunti, ukiambatanisha nakala uliyosaini.

*Mkaguzi amefika bila miadi.* Ana haki hiyo. Mpe faili, mtembeze, mjibu ulichoulizwa. Kifuniko kilicho wazi kifungwe palepale mbele yake. Barua ikija, ina tarehe ya mwisho ya kurekebisha kila kosa. Rekebisha, piga picha, jibu kwa maandishi kabla ya tarehe hiyo. Kama barua inakushinda, MPCA ina mpango wa kusaidia biashara ndogo bila malipo, na Chuo Kikuu cha Minnesota kina programu ya MnTAP inayosaidia kupunguza taka zenyewe.

*Leseni inakuelemea kwa gharama.* Punguza taka kabla ya kulalamikia ada. Mashine ya kusafishia bunduki za rangi inayozungusha thina ile ile mara nyingi, na kuchanganya rangi kwa kipimo cha kazi iliyopo, zinaweza kukushusha kundi.

*Umenunua gereji kuukuu na hujui tundu la sakafuni linaelekea wapi.* Hili lisingoje. Tundu la gereji linaloishia kwenye shimo la maji taka au ardhini huhesabiwa kisheria kuwa kisima cha kumwagia taka, nacho kimepigwa marufuku na shirikisho. Visima vipya vya aina hiyo vilikatazwa tangu tarehe 5 Aprili 2000, na Minnesota hairuhusu vilivyobaki. Uliza idara ya maji ya mji kama jengo limeunganishwa na bomba lao, na umwite fundi bomba amwage rangi ya kupimia aone inatokea wapi. Mpaka jibu lipatikane, ziba tundu, na usifungue injini wala kuosha gari juu yake.